Pipa la Bluu

Kabla hajapanda basi la Kasulu, Bukuru aliniachia maagizo
nyuma ya risiti ya friji ya mtu:
maji lita sitini, ya mvua, yaliyopita machujio yote manne;
chumvi kilo mbili na robo, ya ndoo, si ya Uvinza;
maji kwanza, chumvi baadaye.
Huo wa mwisho akaupigia mstari mara mbili,
kana kwamba mimi sijawahi kusonga ugali.

Ya Uvinza tulishaijaribu mwaka juzi.
Chumvi ya nyumbani, nyeupe, iliyopikwa humu humu mkoani;
babu zake waliifuata kwa miguu, jembe begani la kubadilishia.
Kamba wetu wawili waligeuka chali kabla ya adhuhuri.
"Hii inamjua mgebuka tu," alisema,
akiwaopoa kwa kijiko cha chai.
"Matumbawe yana ulimi mwingine."

Tangu hapo bahari yetu huja kwa treni,
ndoo yenye kifuniko cha zambarau.
Safari moja ilishushwa Tabora kwa makosa,
ikakaa stoo wiki mbili na magunia ya asali.

Mwanga nzima inatucheka.
Mama Ntahondi husimama mlangoni na beseni lake:
"Ziwa hilo hapo chini, maji matamu hadi kusikofika nanga,
ninyi mnahangaikia ya chumvi?"
Simjibu. Nami nilicheka, miaka mitatu,
nikipangusa unga mweupe juu ya kabati la vyombo,
nikihesabu shilingi ambazo zingekuwa bati.

Basi nikamimina, kikombe kwa kikombe.
Maji yakawa kama ya kuoshea mchele.
Pampu ikanguruma kidogo kidogo, kipasha joto kikawaka taa yake nyekundu,
na saa mbili usiku umeme ukakatika.

Nilimpigia. Hapatikani.
Nikayakumbuka maneno yake ya kila siku:
ikilala chini inaganda, ikiganda haiamki.
Ndani ya kioo, Mwenyekiti, yule samaki wa rangi ya chungwa
asiyetoka kwenye kiti chake cha vidole laini,
alinitazama kwa jicho moja.

Nikatoa mwiko mpya, wa harusi ya Kiza, usiojua mafuta.
Nikakoroga.
Tochi ya simu juu ya gunia la mkaa, mkono wa kulia,
kisha wa kushoto, kisha Nyamizi akaamka kunipokea,
akasinzia amesimama, mwiko ukielea.
Nikakoroga tena. Mgongo ukanitaja jina.
Sijui ilikuwa saa ngapi nilipouona mshono wa pipa chini kabisa,
na mchanga mmoja mweusi, umekaa wazi kama herufi.

Tone moja juu ya kipimo; nikakielekeza kwenye tochi.
Thelathini na sita. Jagi la maji ya mvua. Nikakoroga.
Thelathini na tano.

Bahari sijaiona.
Niliweka tone la pili ulimini.
Chumvi ilitangulia, kisha kitu kichungu nyuma yake,
kama ufunguo unaoushika kwa meno
mikono yote miwili ikiwa na mizigo.

Saa kumi umeme ulirudi, pampu ikapokea kazi bila kuuliza.
Asubuhi akapiga, konda akiita abiria pembeni yake:
"Umekoroga?"
"Nimekoroga."
"Imesoma ngapi?"
Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu,
halafu akasema friji ya Kasulu ilikuwa panya tu, amekata waya.

Sikumwambia kuwa nimeonja.

Nikateremka Kibirizi kununua dagaa.
Pale majini, nilipokuwa naosha miguu,
nilichovya kidole, nikakitia mdomoni,
nikasubiri.
Ziwa halikusema kitu.
Nikanunua dagaa wa elfu mbili
nikawahi kupima joto.