Bildi ya Sauti

Saa tisa usiku, zamu yangu na ya Mnonjela.
Taa za bandari ya Mtwara zimezama nyuma yetu
pamoja na harufu ya maganda ya korosho.
Chini ya meli, mita elfu mbili na mia tatu za giza,
nasi tunaliuliza giza swali moja, tena na tena:
uko wapi?
Hujibu kwa kuchelewa. Sekunde tatu na kidogo.

Manahodha wa zamani walitia bildi,
risasi iliyopakwa mafuta kitakoni;
ikirudi na mchanga au tope, walijua walipo.
Yetu haina kamba. Tunatupa sauti, ikatanda kama kimia,
na mwangwi ukipanda, kompyuta inaupaka rangi:
bluu kwa shimo, nyekundu kwa mgongo.

Siku nne skrini ilikuwa shuka lililonyooshwa.
Leo Mnonjela ameweka kikombe chini.
"Hebu tazama."

Ngazi.
Upande mmoja wa sakafu umeshuka
mita kumi na nane chini ya mwenziwe,
na tope lililotua juu, tope la juzi
(juzi ya miamba, yaani miaka elfu kadhaa)
nalo limekatwa. Ukingo haujafifia.
Kisu hakijarudi alani.

Nawaza nyumba yetu ya Mikindani,
ufa ulioanzia dirishani ukateremka hadi kizingitini.
Mafundi walimwimbia mama ile methali ya ufa na ukuta.
Akawapa chai, akawaaga,
kisha akabandika kipande cha kioo, saruji huku na huku,
akaandika tarehe kwa mkaa.
"Nikiziba, nitajuaje unakokwenda?"
Kioo cha kwanza kilikatika mwaka wa mvua nyingi.
Cha pili kingali kizima.
Ule ni ufa wa udongo mfinyanzi, nakiri.
Si kila ukuta unasukumwa na dunia.

Huu wa chini hauna fundi.
Bamba moja lavuta mashariki, jingine limebaki na sisi,
unene wa punje mbili za mchele kwa mwaka;
wengine husema moja.
Wamesafiri mbali, watu wazima, kubishania punje ya mchele.
Tukipewa fedha tutarudi baada ya miaka kumi,
tupite njia hii hii, tutoe ramani ya leo katika ya siku hiyo.
Punje hatutaziona, sikio letu ni zito mno.
Tutaona tu kama deni la karne
limelipwa lote kwa pigo moja.

Alfajiri simu inashika mtandao karibu na Msimbati.
Mama: Mmeona nini?
Mimi: Ufa. Mrefu kuliko Mtwara hadi Lindi.
Kimya. Kisha:
Mmeandika tarehe?

Nafungua daftari la zamu.
Mnonjela ameandika saa, latitudo, kina,
hata mawimbi ameyaandika.
Nachukua kalamu.