Mzinga wa Karatasi Namba Saba

Shekiondo na jirani yake Mwanakombo walikuja Jumanne
wakigombea uchochoro, Barabara ya Kumi na Nne:
ukuta wa choo umevuka, ukuta haukuvuka.
Nami, mchora ramani wa daraja la tatu,
nikatumwa stoo kutafuta karatasi inayojua.

Stoo yetu inanuka popo na gundi.
Nilivuta bomba la bati, ikatoka ndefu,
kitambaa mgongoni, kingo zimeliwa na mende
kama mtu aanzavyo mkate pembeni.
Nikaikandamiza kwa vikombe vinne vya chai.
Si viwanja. Vita.

Novemba, mwaka wa kumi na nne.
Tanga imelazwa chali,
reli imepita tumboni kama mshono wa hospitali,
Ras Kasone imepakwa rangi ya tangawizi.
Mishale ya bluu inapanda kutoka ufukweni,
mishale myekundu inaingoja penye reli,
na kila mshale una kikosi chake na saa yake,
saa za wenyewe, ambazo jua huchomoza saa sita.

Minazi wameihesabu.
Miti ya mpira wameipanga, nukta kwa nukta.
Kisima kipo, makaburi ya kigeni yapo,
na kingo ya mtaro imechorwa kwa subira
kama aliyeichora alikuwa na mchumba mtaroni.

Nikatafuta Ngamiani.
Kwa kioo, kwa ukucha, kwa pumzi.
Ilipokuwa nyumba ya Mwanamkasi, mama wa bibi yangu,
pana mistari ya mshazari, mingi, sawasawa,
ya mtu anayejaribu nibu.
Pembeni, kwenye ufunguo: *vibanda*.
Ufunguo huo haukufungua mlango hata mmoja.

Chini yake, alama ndogo nyeusi: *mzinga*.
Nikaihesabu. Sita.

Bibi alikuwa akisema, huku akichambua mchicha,
"Siku ile, mzinga ndio ulioshinda."
Utotoni niliona chuma, magurudumu, moshi.
Niliuchora kwa mkaa ukutani nikachapwa.
Hadi siku moja alipogeuka, akacheka mpaka mchicha ukamwagika:
"Mzinga wa gogo, we mtoto! Wa kutundikwa!
Mama alijificha chini ya kitanda cha kamba
akasikia mji mzima unavuma,
akadhani ni mashine mpya ya Wazungu.
Walikimbia waliovamia, wakakimbia waliovamiwa,
bunduki zimeachwa njiani kama kuni."

Nyuki hawamo katika karatasi namba saba.
Wala aliyebeba maji. Wala aliyebeba mzinga ule mwingine,
kipande kipande, begani, kutoka bara.
Kilichochorwa ni mshale uliogeuka
bila kuandikwa kilichougeuza.

"Umeipata?" Shekiondo akaita kaunta.
Nikawatandazia. Wakainama, vichwa vikagusana.
Mwanakombo akaweka kidole juu ya mishazari:
"Choo changu kiko hapa."
"Kisogeze," akajibu yule, "hapo napita mimi."
Nikachukua rula. Kwa kipimo cha ramani ile
unene wa mstari mmoja ni futi arobaini:
nyumba zao mbili, choo, mpapai, na ugomvi wenyewe
vyote vililala ndani ya wino.
Sikuwaambia.

Jioni, ofisi ikiwa tupu, nilibandika karatasi ya mafuta juu
nikapitisha kalamu: reli, minazi, mtaro.
Palipogeuka mshale wa bluu nikaongeza gogo dogo,
kamba yake, tawi lake.
Kwenye ufunguo nikaandika: *mzinga (wa saba)*.

Bwana Semboja aliikagua, miwani puani.
"Huu wa saba mbona hauna magurudumu?"
"Ulikuwa juu ya mti, Bwana."
Akanitazama kwa muda. Akagonga muhuri.

Asubuhi nilichukua kamba ya kupimia nikaenda Ngamiani.
Ukuta umevuka.
Inchi tisa.