Majivu ya Bani

Mchwa hawafungi Kwaresima.
Walikula matawi yote ya mwaka jana
nyuma ya kabati la sakristia,
wakatuachia kamba tuliyoyafungia.
Katekista Mhoja akamtuma mtoto mbio
aombe majivu nyumba ya karibu.
Ya karibu ni yangu.
Bani langu lilikuwa halijazimwa siku ya sita.

Padre Kasanda alichungulia bakuli.
"Majivu ya nini haya?"
Mhoja, mtu wa kusema kweli hata asipoulizwa,
akajibu: "Myombo, Baba. Mtundu. Mninga kidogo."

Mninga kidogo.
Nikatazama vidole vyangu vya miguu.
Kwenye huo mninga kidogo baba alitundika mzinga wa gome,
nasi tukilamba masega mpaka masikioni.
Niliukata Desemba, kwa shoka la kuazima,
maana chama kilinikopesha mbolea
na deni halijali kivuli.
Nyuki walizunguka pale shina lilipokuwa
siku mbili,
kama wapangaji waliokuta kufuli jipya.

Tukapanga foleni, kigango kizima.
Kidole cha padre kilikuwa baridi.
"Kumbuka u mavumbi," akaniambia.
Mimi nilikumbuka mengine:
kisima kinachokauka Agosti, zamani kilifika Oktoba;
kuni ninazozifuata sasa kwa baiskeli;
Shija wangu anavyokohoa jioni.
Tuligeuka kurudi kwenye mabenchi
tumeuvaa msitu usoni,
watu mia na ushei, kila mmoja na kipande chake.

Hakuna aliyejifuta.
Kwaya ilikosea kuanza, ikanyamaza.

Njiani mvua ya Ulyankulu ikatukuta.
Jivu likateremka mpaka jichoni,
likawasha kama siku ile ya kwanza ya kuchochea moto.

Sitasema nimeacha tumbaku.
Ghala la chama linalijua jina langu,
na huu si msimu wa kumdanganya Mungu.
Ila lile bakuli, na kilichobaki ndani, nililiomba.
Jumamosi nikachimba mashimo kumi na moja
kuanzia kwenye kisiki hadi mpakani,
nikamwaga majivu, chembe kwa chembe,
nikasimika miche niliyobadilishana na mayai.
Shija alishika ndoo.
"Mama, kusali ni saa ngapi leo?"

Nikamwambia asogeze maji.