Ushahidi wa Sonara

Nilikipima kidonge kwa mizani yangu ya dukani,
ile inayoshtuka hata ukipumua.
Huku kidonge, huku kipini cha pua cha Shenbagam.
Kipini kilizidi. Kidogo, lakini kilizidi.
Bei ndiyo iliyokuwa imepinduka.

Mimi ni Ekambaram, sonara, nyuma ya soko la maua, Coimbatore.
Baba sonara, babu sonara, vidole vyote kumi vimeonja moto.
Mke wangu ana saratani ya damu.
Nasema "ana", sisemi "alikuwa nayo":
neno hilo moja limenigharimu bangili nane,
vipuli alivyopewa na mama yake,
na mwezi wa Machi, mkufu wa ndoa.
Niliuyeyusha mwenyewe, usiku, mlango nimeukomea,
nisije nikasikia sonara mwingine akitaja uzito wake.

Dawa hiyohiyo kiwanda cha Hyderabad kiliitengeneza
kwa bei ya kilo mbili za mchele kwa siku.
Kisha kampuni ya ng'ambo ikaomba hataza:
wengine wote wafunge majiko.
Nikamwuliza wakili Yazhini, wamevumbua nini?
Akavua miwani.
"Chumvi," akasema.
"Kiini ni kile cha zamani, mzee. Wamekiunga na chumvi,
ikaganda fuwele za umbo jingine,
na umbo hilo wanalitaka liwe lao miaka ishirini."

Nilicheka hadi karani wake akachungulia.
Kutia chumvi nakujua, nimeuza dhahabu maisha yangu yote.
Sikujua kuna ofisi ya kukupigia muhuri.

Tulikwenda Chennai kwa treni ya usiku,
wagonjwa kumi na mmoja na ndoo moja ya kutapikia.
Shauri likaahirishwa.
Likaahirishwa.
Mara ya tatu mwalimu Rukmangadan hakuja;
alikuja mjane wake na faili, amelipakata.

Kipo kifungu. Yazhini alinisomea njiani, polepole:
umbo jipya la kitu cha kale si uvumbuzi,
ila likiponya zaidi.
Ila likiponya zaidi!
Kutwa nzima walivutana juu ya maneno hayo matatu,
na feni juu yetu ikikata hewa moto vipande vipande.

Wakili wa kampuni alikuwa na sauti ya upole.
Alisema utafiti hula fedha. Sikumchukia.
Hata jiko langu hula mkaa, na mkaa haukopeshwi.
Nikaomba kusema, nikaruhusiwa dakika mbili.
Mheshimiwa, nikiyeyusha bangili nikafua pete,
nitadai ujira wa kufua.
Sitadai kwamba nimevumbua dhahabu.
Akaniuliza kama nimesomea kemia.
Nikasema hapana.
Akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Uamuzi ulinikuta nachomelea hereni ya bibi harusi,
simu nimeibana kwa bega: ombi limekataliwa.
Niliendelea kuchomelea.
Hereni ni jozi, na moja ilikuwa bado.
"Watakata rufaa," Yazhini alisema,
"usiyeyushe furaha yote leo."

Nilipofika nyumbani nilimwambia Shenbagam. Akauliza,
"Na mke wa mwalimu, kuna aliyempigia?"
Hakuna aliyempigia.
Nikampigia mimi. Alinyamaza muda mrefu,
kisha akaniuliza bei mpya,
nikamtajia, akairudia,
kama mtu anayehesabu chenji iliyopungua.

Dawa humvimbisha Shenbagam chini ya macho;
daktari amempiga marufuku chumvi.
Usiku ule nilimsikia jikoni akifungua kopo taratibu.
Nikanyanyua kichwa. Shingo yake tupu, taa ya barabarani dirishani,
vidole viwili vikipeleka ulimini
chembe zisizofika hata uzito wa kipini.
Akafumba macho.
Nilijilaza tena, nikajifanya nakoroma,
mizani yangu nimeiacha dukani.