Kola Sabini na Nane

Galgallo, orodha yako imenifikia,
mistari mitatu nyuma ya karatasi ya sukari:
buluu moja,
nyeupe moja, kubwa,
brashi namba nne, ya nywele, isiwe ya nailoni.
Nyekundu hukuiandika. Najua unasaga mawe.
Nyeusi unaikwangua chini ya sufuria za mama,
kahawia unaikanyaga kila siku.
Buluu tu ndiyo haichimbwi kwenu.
Mbingu nzima juu ya Chalbi, miezi tisa bila wingu,
na hakuna wa kukukwangulia hata kijiko.

Leo nikaiacha cherehani saa nne.
Duka la kwanza, Barabara ya Biashara,
wana visahani vya watoto, rangi kumi na mbili kavu kama peremende.
Rangi ni rangi, mama, akasema.
La pili, Kirinyaga, wanauza kwa lita nne.
Akaniuliza ukuta wako una futi ngapi.
La tatu liko Westlands, juu, kwenye jengo la vioo.
Askari akaupekua mkoba, akakuta mkasi wangu,
akautia kwenye droo yake kama kisu cha mwizi.

Ndani mna baridi ya mashine.
Tyubu zimelala kwenye kabati lenye kufuli,
zimepangwa kama dhahabu ya bibi harusi.
Mwenye funguo anaitwa Mwende, beji yake inasema hivyo.
Akanitolea moja, fupi kuliko kidole changu cha kati.
Elfu moja mia tisa na hamsini.
Nikamwomba arudie.
Akarudia kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.

Mimi huhesabu kwa kola, Galgallo.
Kola ya shati la shule, shilingi ishirini na tano.
Kola sabini na nane, basi.
Watoto sabini na nane wa Eastleigh waende gwaride shingo zimenyooka
ndipo wewe upate anga ya upana wa mlango.
Ile elfu moja uliyotuma
ilijikunja mfukoni kwa haya.

Nilifikiria nili, ile ya kufulia,
shilingi kumi kwenye kioski cha Mama Nthenya.
Lakini unakumbuka mwaka ule, nili na gundi,
ukachora ziwa, ukalitundika mlangoni.
Mwezi haukuisha, jua likalinywa lote.
Ukaniandikia: ziwa limehama.

Nimenunua.
Brashi ni ya nailoni, usinikasirikie.
Nyeupe sikuiweza;
iache karatasi yenyewe iwe nyeupe panapotakiwa.

Ofisi ya mizigo wakaipima.
Mshale wa mizani haukutikisika.
Karani akanitoza kilo tano, ndiyo ya chini,
kola nyingine kumi na nne.
Nini humu? Rangi.
Akatafuta safu ya rangi kwenye kitabu chake, hakuna:
kuna vipuri, kuna nguo, kuna dawa.
Andika dawa, nikamwambia,
maana dawa huwekwa mbele kwa dereva, penye kivuli,
na vipuri huchemka juu ya paa hadi Marsabit.
Akaniangalia. Akaandika dawa.
Kutoka hapo, hadi lori la Maikona lipatikane,
sina la kukuahidi. Wiki. Labda mbili.
Ukiipokea, ibonyeze kutoka mkiani,
usiikamue katikati kama ulivyofanya na ile ya kwanza.
Na milima usiipe buluu.
Iko mbali, haitajua.

Saa tano usiku sasa. Bado nina kola thelathini
na nakata nyuzi kwa meno,
kwa sababu mkasi niliusahau kwenye droo ya yule askari.
Kesho nitaufuata.
Nitapanda tena hadi kwa Mwende,
niitazame ile nyeupe kubwa kupitia kioo.
Kutazama hawajaanza kutoza.