Kongosho

Tulimwita Watasema, na jina lilikuwa na anwani:
lilivuka ukuta wa matofali, likatua uani kwa mzee Ndimbo
kila tulipomwita mbwa wetu aje kula.
"Watasema! Njoo, Watasema!"
Ndimbo hukohoa, hufunga dirisha.

Jumapili ilikuwa kipaimara cha Atupele.
Kimara Korogwe yote ilinukia kitimoto.
Shemeji Anyosisye, jasho puani, kisu mkononi,
alikata mafuta meupe na ngozi yake, mapande kama sabuni ya mche,
akajaza sufuria bovu, akasema,
"Hata mlinzi naye ana sikukuu."
Tukacheka.
Mimi ndiye niliyeongeza rojo.

Jumatatu, kabla ya adhana, alitapika manjano.
Akatapika tena palepale, hana tena cha kutapika.
Kisha akainamisha kifua hadi sakafuni,
miguu ya mbele kainyoosha, kiuno kakiacha juu,
kama mtu aliyesujudu akasahau kuinuka.
Nilipomgusa tumbo alilia kwa sauti nisiyojua kuwa anayo:
mbwa wa kilo thelathini na mbili,
sauti ya mlango wa kabati.

"Sumu," alisema shemeji.
"Sumu," akaitikia kijana wa maji, madumu yake yangali kwenye toroli.
Nami nilishaujua mkono, na ukuta uliopitia.
Ndimbo akachungulia, kofia ya sufi kichwani:
"Mbwa wenu leo habweki?"
Nilitema mate chini. Aliona.
Nilitaka aone.

Zahanati ya Daktari Nsajigwa ni chumba kimoja
nyuma ya duka la chakula cha kuku, kule Mbezi.
Hakuuliza habari za majirani.
Aliuliza, "Juzi alikula nini?"
Nikasema, "Chakula."
Akangoja.
Nikasema, "Cha sherehe."
Akazidi kungoja, damu ikizunguka kwenye kimashine chake.
Nikasema.

"Kongosho," akasema. Nina miaka hamsini na mitatu
na sikuwahi kuulizwa habari za kongosho, langu wala la mtu.
Limejibanza nyuma ya tumbo, jembamba kama ulimi,
kazi yake kupika maji ya kuyeyushia tunachokula.
Siku nyingine mafuta huja kwa kishindo,
maji yale yakaamka kabla ya safari, yangali ndani,
na kongosho likaanza kujila lenyewe.

Hakuna mtu aliyeruka ukuta.

Siku tatu za dripu. Sindano ya kuzuia kutapika, sindano ya maumivu.
Bahasha za zawadi za Atupele tulizifungua moja moja
mezani kwa daktari, mwenyewe akihesabu, hasemi neno.
"Si wote wanaopona," daktari alisema usiku wa pili,
akiiambia chupa ya maji, si mimi.

Siku ya nne alilamba maji kiganjani mwangu.
Sasa anakula kifua cha kuku cha kuchemsha, hakina ngozi,
na ubwabwa usio na tone la mafuta,
kidogo, mara nne kwa siku. Namwita kwa mluzi.
Lile jina limenikwama.

Bado hajabweka.
Usiku mtaa umenyamaza hadi nasikia kitanda kikilia upande wa pili,
na lile swali linarudi: Mbwa wenu leo habweki?
Nalisikiliza vizuri safari hii.
Lilikuwa na sauti ya mtu aliyekosa usingizi,
anayeulizia mgonjwa na hajui aanzie wapi.

Kesho nitagonga geti lake.
Mkono mtupu haulambwi, basi nimefungua kabati, nimefungua friji,
nimeinua mifuniko yote.
Kila kilichomo jikoni mwangu
kinang'aa mafuta.