Tanuri la Miaka

Kazini kwetu Matsumoto tunapika miaka.
Nyuzijoto themanini na tano, unyevu themanini na tano,
na diski zimesimama wima kwenye rafu za chuma
kama sahani za harusi ambayo haikufanyika.
Nje theluji imefika magotini; ndani nimevua sweta.
Bwana Kuzumaki, aliyenifundisha kazi, husema:
"Ukitaka kuuona uzee, usiungoje. Ongeza moto."

Kila saa mia mbili na hamsini natoa kumi,
nazipoza, nazizungusha chini ya uzi wa mwanga wa zambarau,
nahesabu makosa.

Makosa hayanitishi. Kila diski huzaliwa nayo.
Mashine ina adabu zake: ikikuta tundu
humuuliza jirani wa kulia, humuuliza wa kushoto,
hutia kiraka, na wewe uliyekaa na chai yako
huoni hata mshono.
Ila hufika siku matundu yakazidi viraka.
Hapo diski haififii polepole kama picha ya karatasi,
wala haikwaruzi kama santuri, ikaimba na mafua yake.
Jana ilikuwapo yote.
Leo, kimya.

La kuvunda halina ubani,
lakini kuna la kuvunda leo na la kuvunda kesho.
Zenye tabaka la madini hukaza roho.
Zile za rangi ya kemikali, hamsini kwa kopo moja, bei ya kutupa,
hupauka zikiwa gizani, hakuna aliyezigusa.
Nayajua haya. Ndiyo yanayonilisha.

Sasa niulize diski ya mama niliichoma kwenye ipi.

Jumapili baba huifuta kwa kitambaa cha miwani,
kutoka katikati kwenda ukingoni, nilivyomwelekeza.
Mama yuko barazani anamenya matunda ya kaki ya kuanika.
Anainua kisu, anatazama kamera:
"Eikichi, wewe..."
Shavu lake linavunjika miraba ya kijani.
Sekunde kumi na moja.
Kisha kaki zimeshatundikwa kwenye uzi, mama hayupo barazani,
kuna kiti tu.

Niliichukua, nikaokoa kilichookoleka,
nikakihamishia kwenye diski ya madini, ile ghali.
Nakala ni safi kabisa. Imelibeba pengo bila mkwaruzo:
pengo la mama sasa litadumu miaka mia.

Baba hakulalamika. Picha ikikwama, hujaza mwenyewe.
"Alisema, wewe, kisu hiki butu."
Jumapili iliyofuata: "Wewe, sogea, unanizibia jua."
Juzi alifungua kinywa pamoja naye,
wakakaa hivyo wote wawili, vinywa wazi,
mpaka kiti kikatokea.

Mimi nahesabu makosa kwa mshahara; kwake sihesabu.

Na kamera siku ile niliishika mimi.
Niliyasikia maneno yale kwa masikio yangu,
nikacheka, ndiyo maana picha inatikisika kidogo mwishoni.
Nilikuwa na hakika nayo
kabla ya kisu butu,
kabla ya jua.

Kesho saa mbili asubuhi nafungua tanuri.
Kumi zingine.